Nguruwe na Pistole

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mtu hajagusa sukari, Redio hutusomea habari. Ndio utaratibu wa meza yetu, na hakuna anayekumbuka nani aliupitisha. Redio jina lake ni Rénovat, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, na Kiswahili chake kimenyooka kama shati la mwalimu mkuu. Hufuta kioo cha simu kwa kitambaa, hukohoa kidogo, huanza na hali ya hewa, hufuata na treni, ambazo mwisho wa juma mara nyingi hazipo, na baada ya hapo ndipo ulimwengu unaruhusiwa kuingia.

Meza yenyewe iko nje ya kiduka cha kahawa cha dada yake, Bibiane, hapa Lidcombe, Australia, si mbali na stesheni. Bibiane alibaki Bujumbura kwa shangazi wakati mdogo wake anakua kambini, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha aina nyingine, kina Kifaransa ndani na hakijali sana ngeli. Si kwamba anakitumia sana. Hushinda ndani na rafiki yake Emerance, msusi, wakipiga porojo za Kirundi, na mlango huachwa wazi kwa sababu ya joto la mashine. Sisi wa nje tunaongea Kiswahili, kila mtu na cha kwao. Mimi huitwa Kimya, na nadhani jina linajieleza.

"Habari kwa ufupi," Redio akaanza Jumamosi hiyo. "Mawingu kiasi. Treni za kwenda Liverpool hakuna, kuna mabasi. Huko bara, nguruwe mwitu wamevamia shamba la ngano, wamechimba kuliko trekta, na mwenye shamba anawaomba wawindaji wenye—"

Kikombe kikaanguka. Kahawa ikatambaa mezani, ikaingia kwenye mapaja ya mwenzetu Dozi.

"Risasi gani?" Mshale akasema, ameshasimama.

"Risasi gani nini?" Dozi akauliza, akijipangusa suruali. "Nimetoka shifti ya usiku, msee. Hii ndiyo suruali safi niliyobakiza."

"Nguruwe dume, mkubwa, ana hasira. Wewe una pistol. Unamwekea risasi gani? Nzito ama nyepesi? Ya kununua dukani ama ya kujitengenezea?"

Mshale ni Mbuvi, Mkamba, mjane wa miaka mingi, dereva wa foklifti katika ghala moja kule Ingleburn. Jina la Mshale alijipa mwenyewe, akidai babu zake waliangusha ndovu kwa upinde. Sisi tunachomjua nacho ni kwamba majira ya kuchipua yaliyopita alitembea mwezi mzima na sufuria kichwani kwa kumwogopa kunguru, yule mweusi kwa mweupe wanayemwita magpie. Ingleburn kuna kahawa. Tena nzuri, na pa kuegesha gari pako tele. Lakini Mshale hupanda basi la kuziba pengo la treni kuja kunywa ya Lidcombe, na meza nzima inajua sababu, isipokuwa, kama tulivyoamini, mwenye kahawa.

Na Jumamosi hiyo sababu ilikuwa na haraka. Salvator, kiongozi wa kwaya kule Liverpool, mwenye suti za kung'aa na gari ambalo mlango wake unajifunga wenyewe, alikuwa ametuma wazee kumposa Bibiane. Redio, akiwa ndugu pekee upande huu wa dunia, alitakiwa kuwapa jibu kesho yake baada ya ibada. Alipomuuliza dada yake, dada alimjibu "Ngoja kwanza," akarudi kusaga kahawa.

"Kaa chini," Dozi akamwambia Mshale kwa sauti ya chini. "Kaa, aki. Umesema neno gani hapo barabarani?"

"Pistol."

"Usirudie! Waafrika wanne, meza moja, asubuhi na mapema, halafu mmoja anapiga kelele pistol. Helikopta itafika kabla ya mandazi."

Kweli, bibi mmoja aliyekuwa akipita na kikapu cha magurudumu alikuwa ameongeza mwendo, na kwa umri wake ule mwendo ulikuwa wa kusifiwa.

Dozi ni Mugambi, Mmeru, muuguzi katika hospitali moja ya upande wa kusini-magharibi. Hata ukimwomba chumvi atakuuliza una uzito gani. Alitazama huku na huku, akainama mezani.

"Tutumie lugha ya kazi. Risasi ni dawa. Ile nyingine ni sindano. Nguruwe ni mgonjwa. Sawa? Sasa eleza shida yako, na usinyanyue sauti."

Mshale akatoa mfuko wa supamaketi chini ya kiti. Ndani mlikuwa na jarida la wawindaji, limefungwa kwa gazeti kama chupa ya mtu wa kwaya.

"Nimesoma," akasema. "Kuna dawa mbili. Moja ina shimo puani. Ikiingia kwa mgonjwa inachanua kama ua."

"Maskini," nilisema, lakini hakuna aliyesikia.

"Inafanya kazi haraka," Dozi akakubali, akikuna kidevu. "Lakini kama mgonjwa ni mnene, itachanua kwenye mafuta na kuishia hapo. Haifiki panapouma."

"Hapo sasa! Na dume ana ngao begani, gegedu nene kama soli ya buti. Kwa hivyo kuna dawa ya pili: nzito, ngumu, pua bapa. Hiyo haichanui. Inatembea tu, inapenya."

"Inapenya inaenda wapi?" Redio akauliza.

"Inapita."

"Inapita inaenda wapi?"

"Inatoka upande wa pili."

"Kwa mgonjwa wa kitanda jirani," akasema Dozi. "Hiyo naandikia ripoti."

"Mchagua nazi hupata koroma," Redio akasema. "Chukua yoyote. Mtu mwenyewe sindano huna."

"Rufus anayo."

Rufus tunamfahamu kwa masimulizi. Ni Mwaustralia wa ghalani, mwenye ndevu nyekundu, mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha. Kwa masimulizi ya Mshale, anaweza kutoboa sarafu iliyoko Campbelltown akiwa amekaa sebuleni kwake Ingleburn.

"Na Rufus hanunui dawa dukani," Mshale akaendelea, macho yanawaka. "Anachanganya mwenyewe, gereji. Anaokota ganda lililokwisha kutumika, analisafisha, anatia kiwashio kipya, anapima baruti kwa mizani ndogo, punje kwa punje, kama nyanya yangu akipima ugoro. Halafu anachagua kichwa anachotaka, anakishindilia. Anasema risasi ya dukani ni suti ya mitumba. Ya kutengeneza mwenyewe ni ya fundi, imekatwa kwa kipimo cha nguruwe wako."

"Dawa," Dozi akamkumbusha.

"Dawa. Imekatwa kwa kipimo cha mgonjwa wako."

"Sasa hapo ndipo mimi nakataa," Dozi akasema, akagonga meza. "Dozi ya kuchanganywa gereji! Nani ameihakiki? Iko wapi sahihi ya muuguzi wa pili? Ikizidi kidogo sindano inapasuka mkononi, na mgonjwa anakuwa wewe. Utaletwa wodini kwangu bila vidole, nami nitakuuliza mbele ya watu: kuna mzio wowote?"

"Rufus hajapasuka."

"Kila aliyepasuka alikuwa hajapasuka jana yake."

Redio akacheka, akasogeza simu. "Tuseme dawa imepatikana. Mshale, hata magpie alikushinda. Utamkaribiaje nguruwe? Sindano ya mkononi si bunduki. Inabidi umfikie karibu kiasi cha kusalimiana."

"Simba mwenda pole ndiye mla nyama."

"Simba hapandi basi la kuziba pengo la treni."

"Mnacheka! Babu yangu alikuwa akimsogelea ndovu mpaka anasikia tumbo lake likinguruma."

"Na ile panya-buku ya dari yako?" Dozi akauliza. "Si ulisogelea, ukasikia tumbo, ukaita mtu wa kukodi?"

"Ile inalindwa na sheria! Yule ni possum, hauawi."

"Ulikuwa unalia kwa simu, Mshale. Sheria hiyo ilikuliza?"

Tulicheka mpaka Emerance akachungulia dirishani, akarudi ndani. Mshale hakucheka. Alikuwa akilikunjakunja jarida lake, na nikaona ukurasa mmoja ameupigia mstari kwa kalamu nyekundu, kama mtu anayesomea mtihani. Nilimwonea huruma. Mtu hasomi hivyo kwa ajili ya nyama.

Dozi naye nadhani aliona. Akaacha mzaha.

"Buda, nisikilize. Ulimuuliza Rufus mwenyewe?"

"Nilimuuliza."

"Akasemaje?"

Mshale akatazama kikombe kilichomwagika. "Akasema leseni yake ni ya klabu tu. Huku sindano hairuhusiwi kuwindia. Akasema kama nataka nguruwe atanipeleka kwa shemeji yake shambani, na bunduki ndefu, kihalali, na chai watanipa."

"Basi si hiyo! Imeisha. Bunduki ndefu, nguruwe huyo, chai hiyo."

"Bunduki ndefu hapana."

"Kwa nini?"

"Lazima iwe ya mkononi."

"Mbuvi," Dozi akasema, na alipotumia jina la kweli tulijua mambo yamekuwa mazito. "Mwezi ujao unaapa uraia. Umenunua tai. Umenionyesha tai. Unataka kusimama mbele ya meya na kesi ya silaha mfukoni? Watakurudisha Machakos na hiyo tai yako."

"Najua."

"Unajua, na bado?"

"Masharti ni masharti."

"Masharti ya nani? Umeenda kwa mganga? Kuna mganga Ingleburn na hamkuniambia?"

Basi likapita. Ndani ya kiduka mashine ikapiga mluzi, na Emerance akasema jambo kwa Kirundi, Bibiane akamjibu kwa Kirundi, wakacheka. Mshale aliposikia kicheko kile masikio yake yalibadilika rangi, na kwa weusi wa Mshale hilo si jambo dogo.

"Niambie, shemeji," Redio akasema polepole, na lile neno shemeji likatua mezani kama sahani ya moto. Hakuwahi kulitumia kabla. "Masharti umepewa na nani?"

"Sikupewa. Niliyasikia."

"Wapi?"

"Hapa hapa. Ile siku ya mvua, nyinyi hamkuja. Nilikuwa nimekaa peke yangu, hapo nyuma ya mlango. Emerance alikuwa akimsuka..." Akatazama mlango wa kiduka. "Akamuuliza kitu, sikukishika. Na yeye akajibu, na jibu nililisikia kama kengele. Akasema, 'Mimi, mwanaume akiniletea nguruwe na pistol, siulizi ukoo, siulizi gari. Namfuata.'"

Redio akavuta kiti karibu.

"Ndiyo maana," Mshale akaendelea, sasa maneno yanamwagika kama ile kahawa. "Salvator ana gari, ana suti, ana sauti ya tatu kwenye kwaya. Mimi nina nini? Nina foklifti, na si yangu. Lakini nguruwe, nikasema, hapo Salvator hawezi. Salvator anaogopa hata kuku akiwa na kichwa. Nguruwe aliyepigwa na pistol! Nikasema mwanamke wa Burundi ana ushujaa wake, pengine ndivyo kwao wanavyopima mwanaume. Nikanunua jarida."

"Rudia," Redio akasema. Uso wake ulikuwa umeanza kutikisika. "Rudia alivyosema. Neno kwa neno."

"Nguruwe na pistol."

"Pistol, au pistole?"

"Si ni kitu kimoja! Yeye huvuta mwisho kidogo. Kifaransa."

Redio akaweka simu mezani. Akaweka miwani juu ya simu. Kisha akalaza kichwa juu ya vyote viwili, mabega yanaruka, na kwa muda tulidhani amepatwa na kifafa. Dozi alishaanza kumshika mapigo ya mkono.

"Mkate!" hatimaye akapata pumzi. "Pistole ni mkate, we mwanaume! Ule mdogo wa mviringo, ganda gumu, wa asubuhi. Wabelgiji ndio walituachia jina. Mama yetu alikuwa akiuza nguruwe wa kuchoma kule Bujumbura, anaupasua pistole, anashindilia nyama na pilipili. Nguruwe na pistole! Dada yangu anautamani mkate wa mama yake, wewe unatafuta baruti!"

"Mkate," Mshale akasema.

"Tena kosa ni la sarufi!" Redio akafuta machozi. "Angekuwa anataka nguruwe auawe kwa silaha angesema kwa. Kwa pistol. 'Kwa' ni ya chombo. 'Na' ni pamoja na. Nguruwe, pamoja na mkate. Nyinyi Wakenya mnasema amepigwa na jiwe, ameenda na basi, kila kitu na, na, na. Ona sasa mlikofikia. Mtu nusura apoteze uraia kwa kihusishi!"

"Wacha kutusingizia," Dozi akasema. "Nchi gani duniani inaita mkate bastola? Mtu anaenda dukani anasema nipe bastola tano na maziwa?"

"Ndiyo, na anapewa!"

"Halafu watu wanashangaa mbona hamna utulivu."

"Kwa hiyo," Mshale akasema, kana kwamba hakuwasikia, "si lazima risasi."

"Hapana."

"Wala nzito."

"Wala nyepesi. Siagi, ukipenda."

Aliketi akiliangalia jarida lake, yale maua ya risasi zilizochanua, yale maganda yaliyopangwa kama vijiko vya wageni. Nilidhani atacheka. Badala yake alionekana kama mtu aliyebeba gunia mpaka juu ya mlima, akaambiwa soko lilikuwa bondeni.

"Nimechelewa," akasema. "Ningejua ni mkate ningeuleta wiki ileile. Sasa kesho ni jibu la Salvator. Na mkate huo nitaupata wapi? Ni wa Bujumbura."

Sijui nini kilinisukuma. Nilijisikia nikikohoa, na watu wote watatu wakageuka.

"Ng'ambo ya barabara," nikasema. "Kwa Wavietinamu. Wanauza pork roll. Mkate wenyewe una ganda gumu. Ndani ni nguruwe."

Dozi alinitazama kama aliyeona kiti kikiongea. Mshale alikuwa ameshafika katikati ya barabara, gari likampigia honi, akalipungia mkono kama mtu wa harusi. Tulimwona kupitia kioo cha duka la mikate akionyesha kwa vidole, akikataa, akionyesha tena.

"Anachagua," Dozi akasema. "Hata huko anachagua. Ataulizia kama inachanua ama inapenya."

Alirudi na mfuko wa karatasi, mafuta yameshaanza kuupenya. Wakati huo Bibiane alikuwa ametoka kufuta ile kahawa iliyomwagika, kitambaa mkononi, kilemba cha kazini kimelegea. Emerance alikuwa nyuma yake, amejiegemeza mlangoni.

"Nani alimwaga hii?" Bibiane akauliza. "Na munacheka nini tangu asubuhi? Wateja wanaogopa."

Mshale akaweka mfuko mezani, mbele ya Bibiane, kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka.

"Ni nini hii?"

"Dawa," Mshale akasema.

"Dawa gani? Nani mugonjwa?"

"Mgonjwa... mgonjwa ni..." Alimgeukia Dozi. Dozi akatazama mawingu. Alimgeukia Redio. Redio akavaa miwani, akaanza kusoma hali ya hewa upya.

Bibiane akafungua mfuko. Akauchungulia mkate ule muda mrefu. Akaugonga ganda kwa ukucha, na ukalia kama unavyotakiwa kulia.

"Nguruwe?" akauliza.

"Nguruwe," Mshale akasema. "Na pistole."

"Wewe uliua?"

"Hapana. Nimenunua. Bibiane, mimi sijui kuua kitu. Yule mnyama wa dari, nilimlilia. Sina mshale, sina gari la mlango wa kujifunga. Nimekuwa nikiongea habari za risasi wiki tatu kwa sababu habari za risasi ni rahisi kuongea." Akavuta pumzi. Basi jingine likapita, akalingoja lipite. "Nataka kukuoa. Ndiyo yote. Kahawa Ingleburn ipo."

Dozi akavua kofia. Redio, huku akijifanya anaendelea kusoma, akasema, "Treni kesho hakuna. Sijui huyo Salvator nitamfikiaje na jibu lake."

Bibiane alivuta kiti, akakaa, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye meza ile saa za kazi. Akakata mkate vipande viwili, kimoja akamsogezea Mshale. Akauma chake, akatafuna taratibu, akafikiri.

"Mukate iko sawa," akasema. "Nyama wameweka kidogo. Nitakufundisha."

Mshale akakishika kipande chake. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa haki, ilimbidi akiri. "Ile siku ya mvua nilisikiliza maneno yasiyonihusu. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nisamehe."

Emerance akaangua kicheko pale mlangoni, akajifunika uso kwa kitambaa cha kusukia. Bibiane hakucheka. Alijifuta pilipili mdomoni kwa mgongo wa kiganja na kumtazama usoni.

"Mbuvi," akasema. "Mimi na Emerance, siku zote, tunaongea Kirundi. Siku ile niliongea Kiswahili, tena kwa sauti. Wewe ulifikiri nilikuwa naambia nani?"